Uzi maalumu: Umenunua gitaa kavu jipya na sauti haikuridhishi? Usiliuze kwanza, pita hapa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo.

Hapa jukwaani haupiti muda bila mtu kuleta malalamiko yaleyale. Kanunua gitaa kavu (lile linalosikika bila umeme), kalipiga siku chache, vidole vimechubuka, kodi ya F (noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja) imegoma, besi zinagonga freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni), na sasa anauliza aliuze aongeze hela achukue lingine. Naomba tusikimbilie kuuza. Gitaa likitoka dukani huwa bado halijamalizwa. Viwanda vingi huacha nyuzi zikiwa juu kidogo, kwa sababu gitaa ambalo nyuzi zake zinagonga freti mteja atalirudisha siku hiyohiyo, ilhali lile gumu kwa vidole mnunuzi mgeni hudhani ndivyo magitaa yalivyo. Kulimalizia ni kazi ya mwenye gitaa au fundi wake, na kazi hiyo ina mpangilio. Ukiruka hatua utajikuta umesaga sadoli, kile kipande chembamba kinachoinua nyuzi pale kwenye daraja, kumbe shida ilikuwa shingoni, na sadoli ikishasagwa hairudi.

Kwanza jua una gitaa gani. Tazama daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye ubao wa mbele. Nyuzi zikiwa zimefungwa kwa fundo kwenye daraja, na kichwa kina nafasi mbili ndefu zilizotobolewa, hilo ni klasiki, linataka nyuzi za nailoni. Zikiwa zinashikwa na pini sita za kuchomoa, hilo ni la nyuzi za chuma. Nasisitiza hili kwa sababu huku kwetu nimeona klasiki nyingi zimefungwa nyuzi za chuma ili "zitoe sauti kubwa". Seti ya kawaida ya chuma inavuta kwa jumla kilo 70 hivi, ya nailoni inavuta kilo 40 hivi. Klasiki haikujengwa kubeba huo mzigo. Ubao unavimba nyuma ya daraja, shingo inapinda, na mwisho daraja linang'oka na vipande vya mbao.

Ukishajua, badilisha nyuzi. Zile zilizokuja na gitaa zimekaa kwenye kontena na ukutani dukani muda usiojulikana, zimeshapoteza uhai. Seti huitwa kwa unene wa uzi wa kwanza, yaani mwembamba kuliko wote, kwa inchi: 0.010, 0.011, 0.012 na kuendelea. Uzi mnene unavuta zaidi na unausukuma ubao wa mbele kwa nguvu zaidi, kwa hiyo sauti inajaa, lakini vidole vinalipa gharama. Anayeanza namshauri 0.011. Mwenye gitaa la mwili mkubwa na vidole vilivyokomaa aende 0.012. Kuna za bronzi 80/20, yaani shaba 80 na zinki 20, zenye mlio mkali unaong'aa, na kuna za bronzi ya fosforasi zenye mlio wa joto zaidi. Gitaa lenye sauti nyembamba lipe fosforasi. Gitaa lenye besi nzito zinazofunika kila kitu lipe 80/20.

Kwenye kufunga, hapa ndipo wengi wanapokosea. Uzi wa chuma una kijipete mwishoni. Watu wanakitumbukiza kwenye tundu, wanagongea pini, wanaanza kukaza. Kijipete kinabaki kimening'inia kwenye ncha ya pini, na kila ukikaza, pini inapanda na tyuni inahama. Fanya hivi: kunja kidogo uzi juu tu ya kijipete, tumbukiza, weka pini mfereji wake ukitazama shingo, kisha vuta uzi juu taratibu huku kidole gumba kikikandamiza pini. Utahisi kijipete kikigota kwenye kibao kigumu kilichogundishwa chini ya ubao wa mbele. Kikigota hapo, uzi umetulia. Kule juu kwenye funguo za kukazia nyuzi, mizunguko miwili au mitatu inayoshuka chini inatosha, usijaze kamba nzima.

Kutyuni ni E A D G B E kutoka mnene kwenda mwembamba, kwa A ya 440 Hz. App yoyote ya simu ya kutyuni inaweza kazi hii. Nyuzi mpya zinalegea, hivyo vuta kila mmoja kwa vidole pale juu ya freti ya 12, tyuni tena, rudia mpaka ugome kushuka. Na ukipitiliza noti usirudi juu juu: shuka chini yake kabisa, kisha panda mpaka uifikie, maana meno ya ufunguo yana nafasi ya kucheza na ukiishia kwenye kulegeza, uzi utateleza ukianza kupiga.

Sasa shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mkono mwingine. Uzi wenyewe umeshakuwa rula iliyonyooka. Chungulia kwenye freti ya 7. Kati ya uzi na chuma cha freti panatakiwa uwazi wa milimita 0.1 hadi 0.3, takriban unene wa kadi ya biashara au chini yake. Uwazi ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Uzi ukiwa umelala kabisa kwenye freti, shingo imenyooka mno au imeangukia nyuma. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo kinachorekebishwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), ama kupitia tundu la sauti ama kwenye kichwa chini ya kifuniko kidogo. Kukaza mwelekeo wa saa kunanyoosha shingo, kulegeza kunairuhusu ipinde mbele. Robo mzunguko kwa mara moja, tyuni, pima tena. Kikigoma usikilazimishe, mpelekee fundi. Klasiki nyingi hazina chuma hiki.

Jambo moja msilichanganye: chuma cha shingo si cha kushushia nyuzi. Kazi yake ni kupanga mkunjo wa shingo, basi. Kushusha nyuzi kunafanyika kwenye sadoli na kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita shingo inapokutana na kichwa.

Nati ndiyo inayoua kodi ya F. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya 1: uzi unatakiwa uwe juu yake kwa uwazi mdogo sana, unene wa karatasi. Ukiona nafasi kubwa, mifereji ya nati haijachimbwa vya kutosha. Dalili yake nyingine ni kwamba kodi za mwanzo wa shingo zinasikika kali kuliko tyuni, hata kama nyuzi zikiwa wazi ziko sawa. Kuchimba nati kunataka tupa nyembamba za unene tofauti, na ukipitiliza kidogo uzi ukiwa wazi utaanza kugonga freti ya kwanza. Hii nawaachia mafundi.

Sadoli unaweza mwenyewe ukiwa na subira. Chukua rula ya chuma, pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Kwa nyuzi za chuma lenga milimita 2.4 kwenye E nene na 1.6 kwenye E nyembamba. Kwa nailoni, 4 na 3. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, unapunguza milimita 2 kwenye sadoli. Mfano E nene yako inasoma 3.4 na unaitaka 2.4: unaondoa 2. Legeza nyuzi, chomoa sadoli, chora mstari kwa penseli upande wa CHINI, bandika msasa namba 120 juu ya kioo, na usage sadoli ikiwa wima kabisa, kwenda na kurudi kwa mwendo mmoja. Kila baada ya muda isimamishe juu ya kioo na uitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya mahali popote chini yake, sehemu hiyo haitagusa daraja na uzi wa pale utakuwa na sauti iliyofifia. Acha milimita nusu kabla ya mstari, rudisha, tyuni, sikiliza, ndipo umalizie.

Msishushe kupita kiasi kwa kutafuta ulaini. Uzi unatakiwa upande juu ya sadoli na kushuka kwa pembe ya wazi kuelekea pini. Sadoli ikiwa fupi mno, pembe inakufa, uzi hauukandamizi ubao vya kutosha, na gitaa linakuwa laini lakini bubu.

#2 Mdau wa Dodoma

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Swali langu: gitaa nililinunua Kariakoo mwezi wa tano, nikalipiga Dar wiki kadhaa, lilikuwa safi kabisa. Nimehamia Dodoma kikazi. Sasa hivi nyuzi zinagonga freti za mwanzoni, na nikipitisha mkono pembeni mwa shingo ncha za freti zinanikwaruza. Hakuna aliyeliangusha. Nimedhulumiwa?

#3 Mleta uzi

Hujadhulumiwa mkuu. Mbao zimekauka.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Watengenezaji wengi wa magitaa hushauri unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar mara nyingi iko juu ya 70, na Dodoma wakati wa kiangazi inashuka sana. Ubao wa mbele ukikauka unabonyea, daraja linashuka nalo, nyuzi zinakaribia freti. Ubao wa freti nao unanywea kwa upana, lakini chuma cha freti hakinywei, ndiyo maana ncha zimechomoza.

Usiinue sadoli wala usipige tupa freti bado. Rudisha unyevu kwanza. Chukua kiboksi cha sabuni chenye matundu, weka kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone, kiweke ndani ya kasha la gitaa karibu na kichwa, funga kasha. Angalia kila siku mbili tatu. Haigrometa (kipima unyevu) ndogo ya kidijitali si ghali, itakutoa kwenye kubahatisha. Likikaa wiki kadhaa hivyo ndipo upime upya shingo na freti ya 12. Ncha zikibaki zimechomoza hata baada ya hapo, fundi atazilainisha.

Walio Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa na Lamu wana shida ya kinyume. Ubao unavimba, unainuka, nyuzi zinapanda, sauti inakuwa nzito isiyo na mng'ao, na nyuzi zinashika kutu kwa jasho na hewa ya chumvi. Pakiti za silika, zile za kufyonza unyevu, ndani ya kasha zinasaidia, ila zinashiba, kwa hiyo zikaushwe au zibadilishwe. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, pitisha na chini yake. Kuna wapigaji wanaoweka sadoli mbili, fupi ya masika na ndefu ya kiangazi, wanabadilisha msimu ukibadilika. Kwa mwenye gitaa zuri naona ni busara.

Na popote ulipo, usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi ya daraja inalainika kwa joto huku nyuzi zinaendelea kuvuta.

#4 Mwalimu wa kwaya, Moshi

Shikamooni wakubwa. Gitaa letu la kwaya lina pikapu (kinasa sauti cha kuunganisha na spika) na ekwalaiza (ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu) ubavuni. Nimepima kila kitu kama ulivyoelekeza, mkunjo wa shingo uko sawa, urefu wa nyuzi uko sawa. Lakini nikipiga G kuna kelele ya kutikisika inatoka ndani, na kwenye noti nyingine kelele hiyo haipo. Pia nikipandisha spika kanisani linaanza kuvuma lenyewe.

#5 Mleta uzi

Marahaba mwalimu. Kelele inayokuja kwenye noti moja tu kwa kawaida haitoki kwenye freti. Kuna kitu kilicholegea kinachoitikia noti hiyo. Kwenye magitaa yenye ekwalaiza, mshukiwa wa kwanza ni waya za umeme zinazogusa ubao kwa ndani, wa pili ni kifuniko cha betri. Ingiza mkono kupitia tundu la sauti ukiwa umelegeza nyuzi, zibane waya kwa vishikizo vya kubandika. Kisha kagua nati za chuma zinazoshika funguo kule kichwani, skrubu zake, na ubao wa kukingia pick (kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi) kama kona yake imebanduka. Mtu mmoja apige ile G, mwingine aguse kila kitu kimoja kimoja kwa kidole. Kelele ikikatika, umeshampata.

Njia hiyohiyo inafaa kwa freti. Kelele ikiwa kwenye uzi wazi peke yake, tazama nati. Ikiwa freti ya 1 hadi ya 5, shingo imenyooka mno. Ikiwa kuanzia ya 12 kwenda juu, sadoli iko chini au shingo imeinuka pale inapoungana na mwili. Ikiwa freti moja tu, freti hiyo imepanda au jirani yake imelika.

Kuhusu kuvuma: gitaa la mwili mkubwa lina mlio wa asili wa hewa iliyo ndani yake, karibu na 100 Hz, na spika inauchokoza. Punguza besi kwenye ekwalaiza eneo hilo, mpigaji asikae mbele ya spika, na mnunue kifuniko cha mpira cha tundu la sauti. Kanisani kinasaidia kuliko chochote.

#6 Mdau wa Nakuru

Nachangia kuhusu sadoli. Ile ya plastiki niliitoa, nikaweka ya mfupa wa ng'ombe. Mfupa wa paja kutoka buchari, sehemu iliyonyooka na nene. Unachemsha mpaka nyama na mafuta yote yatoke, unabadilisha maji, unachemsha tena na sabuni kidogo, kisha unauanika kivulini siku nyingi. Ukiuharakisha unapasuka, ukiacha mafuta unakuwa njano. Ndipo unakata na kusaga kwa unene wa ule mfereji wa daraja, uingie kwa kubanwa kidogo bila gundi. Noti za juu zimekuwa safi na zinakaa muda mrefu zaidi.

Vaa barakoa ukisaga, vumbi la mfupa si zuri kwa kifua.

#7 Mdau wa Lindi

Wakuu, huku kwetu mpingo upo. Nikimpa fundi ubao wa mpingo anitengenezee ubao wa mbele, sauti haitakuwa ya kipekee?

#8 Mleta uzi

Mkuu, mpingo ni mbao ya thamani kubwa kwa muziki, klarineti na obo zinatengenezwa nao duniani kote, lakini ubao wa mbele wa gitaa si kazi yake. Ubao ule unatakiwa uwe mwepesi na mgumu kwa pamoja, ndiyo maana hutumika sprusi au sidari. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Nyuzi hazitaweza kuutikisa. Utumie kwenye ubao wa freti, daraja, au kwa mwenye uwezo, mgongo na mbavu. Hapo unang'aa kweli.

Kwa wanaouliza kama ubao wao ni mzima au plaiwudi: chungulia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu na kushuka kwenye ukingo, ni ubao mzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Ubao mzima unaitikia mguso mdogo, na wapigaji wengi husema sauti yake hufunguka kadiri unavyopigwa. Plaiwudi haihangaishwi sana na hali ya hewa, kwa gitaa la kusafiri kwenye basi au la kwaya si chaguo baya hata kidogo.

#9 Dada wa Mombasa

Ahsante ndugu yangu kwa darasa. Langu limerekebishwa na fundi, ni laini, haligongi freti, nyuzi mpya. Lakini nikipiga mimi lasikika jembamba, akipiga fundi lajaa. Gitaa ni lilelile.

#10 Mleta uzi

Dada yangu, basi gitaa limeshamaliza kazi yake, iliyobaki ni ya mkono wa kulia. Na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Sogeza mkono. Ukipiga karibu na daraja mlio unakuwa mkali na mwembamba, ukisogea juu ya tundu na kuelekea shingo unakuwa mviringo na wa joto. Wengi wanaoanza wanaegemeza kiganja karibu na daraja bila kujua. Piga kodi moja huku ukihama kidogo kidogo, utapata mahali ambapo gitaa lako linazungumza.

Piga kwa nyama ya kidole na kucha fupi pamoja, nyama ianze, kucha imalizie. Sukuma uzi kama unaubonyeza kuelekea ubaoni badala ya kuukwanyua kwa nje. Ukitumia pick, ya milimita 0.60 hadi 0.73 inafaa kwa ridhimu, ya 1 na kuendelea kwa kupiga noti moja moja. Mkono wa kushoto, bonyeza mara tu nyuma ya freti, si katikati ya nafasi. Na usilibane gitaa tumboni: mgongo wake nao unatetema, uachie hewa kidogo.

Msikilize Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linashika besi bila kuyumba, kidole kinaimba juu yake, na kila noti ina uzito wake. Sauti ile imejaa kwa sababu hakuna noti iliyopigwa ovyo. Chukua kodi mbili tu, gumba lipige besi kwa upole na usawa, ongeza kidole taratibu. Ukifanya hivyo kwa wiki chache utasikia tofauti ambayo hakuna duka linaiuza.

Jambo la mwisho kwako: mpigaji hasikii gitaa lake kama wasikilizaji, kwa sababu sauti inatoka kwa mbele. Kaa ukitazama ukuta mtupu, karibu, upige. Pengine limejaa kuliko unavyodhani. Chumba chenye mapazia mazito, zulia na godoro kinameza sauti ya juu.

#11 Dada wa Mombasa

Nimejaribu ukutani. Subhanallah. Kumbe! Sasa nataka kurekodi kwa simu nimtumie mwalimu, nikirekodi besi zafunika kila kitu.

#12 Mleta uzi

Umeielekeza simu kwenye tundu la sauti bila shaka. Ielekeze freti ya 12, pale shingo inapokaribia mwili, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na uizungushe kidogo isitazame tundu moja kwa moja. Hapa kile chumba cha mapazia na godoro ndicho kizuri, maana mwangwi unapungua. Zima feni.

Wengine ambao magitaa yao bado yanagoma, wekeni hapa vitu vitatu kabla ya kuuliza: uwazi wa freti ya 7, urefu wa E zote mbili kwenye freti ya 12, na mji mlipo. Picha ya sadoli kutoka ubavuni ikiwepo ni bora zaidi. Nitapita kujibu jioni.